Kwa wa Nyumbani Tu

Jumanne, tarehe 21 Aprili mwaka huu, tulimzika Chande huko Mtawanya, mvua ikiwa imekatika kidogo tu kutupa nafasi ya kuchimba. Alikuwa mtani wangu. Ukoo wao na wetu wanataniana tangu kwa babu zetu, na mtu wa huku hahitaji kuelezwa mtani ana kazi gani msibani. Analala njiani jeneza lisipite, anadai kuku, anamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea na alivyokuwa akinyima watu vitu vyake, mpaka wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Siku ile watani wengine hawakuweza kufika, nilikuwa mimi peke yangu, na sikufanya lolote. Nilishika koleo nikafukia. Baba yake mdogo alinisogelea akaninong'oneza, "Bakari, wewe ni mtani au umehamia kwetu? Mbona umekaa kama mfiwa?" Nikamwambia koo linaniuma. Haikuwa kweli. Tuliporudi nyumbani nilimsikia Somoe, dada yake mkubwa Chande, akiwaambia wanawake waliokuwa wakinisema, "Mwacheni. Hawa walikuwa pacha, mnataka acheke vipi?" Maneno yale yalinikaa vibaya kuliko ya mzee. Ni kwa sababu ya maneno hayo ninaandika haya.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nikapata ziro, na nilikuwa natengeneza simu katika kibanda karibu na soko. Chande alikuja kubadilisha kioo, akakaa saa tatu akinisimulia tovuti zinavyojengwa, na alipoondoka aliacha simu, akaja kuifuata kesho yake akiwa na laptopu. Kuanzia hapo kila nikifunga kibanda nilikwenda kwao Magomeni, hapahapa Mtwara, kwenye chumba cha uani alichopewa na mama yake. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, meza iliyotengenezwa kwa mlango wa zamani, na dirisha lililotazama jiko. Feni ilikuwa imefungwa kwa kamba kwenye nondo za dirisha kwa sababu haikuwa na mguu. Tulikaa wawili kitandani, laptopu mezani, na kupitia dirisha tuliyasikia mazungumzo yote ya mama yake na majirani: nani kaolewa, nani karudi, maji yametoka wapi. Mama Somoe, ndivyo kila mtu alivyomwita, alitupitishia chakula dirishani bila kukatiza maneno yake. Mara nyingi ilikuwa ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha na chumvi, mara nyingine ugali wa muhogo na mchuzi wa dagaa uliotiwa nazi nyingi. Nilinenepa mwaka ule. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu chakula kile nilikila mpaka mwisho bila kusema nilichopaswa kusema.

Tulichokuwa tunajenga tulikiita Mkeka. Chande alikuwa ameichoka mitandao mikubwa ya jamii, ile ambayo mwenyewe wake yuko mbali na anaamua peke yake nani aonekane na nani asionekane. Alikuwa amegundua kwamba iko mitandao ya namna nyingine isiyo na mwenyewe mmoja. Alinieleza kwa vikombe. Kila kikombe ni nyumba, kina watu wake, mwenye nyumba wake na sheria zake. Lakini nyumba zote zinaongea lugha moja ya mashine, kwa hiyo mtu wa nyumba hii anaweza kumsoma wa nyumba ile na kumjibu bila kuhama. "Na mwenye nyumba mmoja akichukizwa na nyumba nyingine?" nilimuuliza. Akafunika kikombe kimoja kwa kisahani. "Anafunga. Wa ndani mle wote hawaonekani tena kwake." Nikamwambia hiyo ni adhabu ya ukoo mzima kwa kosa la mtu mmoja. Akacheka. "Mtani, ukoo wenu umezoea."

Sehemu ya kwanza ya mwaka ilipotea kwa viunzi. Siku hizi hakuna mtu anayeandika tovuti kuanzia mwanzo. Unachukua kiunzi kilichotengenezwa na wengine, kina milango na madirisha tayari, unajaza kuta. Tabu ni kwamba viunzi vinatoka kila siku, na kila kinachotoka kinakuambia cha jana kilikuwa upuuzi. Tulianza Januari na kimoja. Machi Chande akasoma mahali kwamba watu wameshakiacha, tukahama. Mei kile cha pili kikatoa toleo jipya lisiloelewana na la zamani, na nilichokuwa nimejifunza kwa wiki sita hakikufaa kitu. Nilikuwa nalala na maneno kichwani, naamka hayana maana. Mwenye shule nzuri huenda haumii, anajua cha chini kinachobaki. Mimi nilikuwa nimejifunza cha juu tu, na cha juu kilikuwa kinavuliwa kila mwezi kama shuka. Hata sasa, nikifungua simu ya mteja nikaona tovuti inazunguka bila kufunguka, hasira ya mwaka ule inarudi vilevile.

Mama Somoe alitusikia tukigombana. "Mmebomoa tena?" aliuliza kupitia dirisha.

"Tunahama kiunzi, mama," Chande akajibu.

"Nyumba gani hii inajengwa tangu mwaka mpya haina hata choo? Bakari, baba, wewe ndiye fundi mwenye akili, mzuie mwenzio."

"Hanisikilizi, mama. Ndiyo ukoo wake ulivyo."

"Ah, ukoo wake ni mimi! Rudisha hiyo bakuli."

Somoe alikuwa akiuza vitenge sokoni, na ndiye aliyekuwa mtu wetu wa kujaribia. Simu yake ilikuwa ya bei ndogo, kioo kimepasuka pembeni. Kila tulipohamia kiunzi kipya alitupigia simu. "Huo mkeka wenu ni mweupe. Nimekaa naungoja mpaka mteja kaondoka, bando limekwisha, na bado mweupe." Alikuwa anasema kweli. Viunzi vile vilitengenezwa na watu wenye simu nzuri na mtandao wa kasi. Kabla ya kumwonyesha Somoe neno moja vilimshushia mzigo mkubwa wa msimbo, yaani maandishi ya mashine, ambao hakuuhitaji. Nilimwambia Chande tufanye ukurasa wa kawaida, maneno na kitufe, basi. Akanijibu kwamba ukurasa wa kawaida utawachekesha watu. "Watu gani?" nikauliza. Nilikuja kujua baadaye ni watu gani.

Kilikuwako kikundi cha watengenezaji wa programu huko nje, wenye nyumba kubwa kuliko zote katika mtandao ule wa nyumba nyingi. Chande alikuwa akiandikiana nao kwa miezi. Walikuwa wanatafuta mtu wa kuitunza sehemu ya msimbo wanaoutumia wote, kazi ya mshahara, ya kufanyia popote ulipo. Aliniambia mwezi wa nane, tukiwa tumekaa barazani, kwa sauti ya mtu anayeogopa kuyasikia maneno yake mwenyewe. "Nitakaa hapahapa, mtani. Sitakwenda Dar kupanga chumba na watu wanne. Nitafanya kazi mle ndani, mama ananipitishia ming'oko." Hakuwa na tamaa nyingine ninayoijua. Wenzetu wote waliokuwa na akili ya kompyuta walikuwa wameondoka, na yeye alitaka kubaki. Lakini wale watu walitaka kwanza kuuona Mkeka ukifanya kazi, umefunguliwa, unaongea na nyumba nyingine.

Mpaka hapo Mkeka ulikuwa umefungwa, na ndiyo maana ulipendwa. Tulikuwa na watu wapatao mia mbili, wa Rahaleo, wa Magomeni, na watoto wa Mtwara walioko Dar na Muscat. Walikuja kutaniana. Hakukuwa na jingine la maana. Mtu akiandika anaumwa jino, watani zake walimjibu kwamba meno ya ukoo wao hayafai hata kwa nguruwe, na yeye alifurahi kwa sababu amekumbukwa. Nilimwambia Chande maneno kama haya hayawezi kutoka nje. Akakubali, na akabuni njia nzuri. Chini ya sehemu ya kuandikia tuliweka kisanduku chenye maneno "Kwa wa nyumbani tu", na kilikuwa kimeshawekwa tiki kabla hujaandika. Ukitaka maneno yako yatoke nje, unaondoa tiki kwa mkono wako.

Ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa katika kiunzi cha pili. Mwezi wa tisa tukahamia cha tatu, cha mwisho, na Chande akanigawia kazi. Yeye alishughulikia mlango wa kutokea nje, mimi sehemu ya kuandikia. Kisanduku kikanishinda. Katika kiunzi kile ukurasa unajichora upya kila unapobonyeza herufi, na kila ulipojichora kisanduku changu kilisahau tiki yake. Nilihangaika siku tatu. Nilisoma maelezo ya Kiingereza nisiyoyaelewa nusu yake, nikanakili majibu ya watu yaliyokuwa ya matoleo ya zamani, nikafuta, nikaanza tena. Siku ya tatu Chande aliniambia kutoka mlangoni, "Mtani, leo ndiyo leo, wale wanataka kuona." Nikafanya hivi: nilikiacha kisanduku kionekane, kina tiki yake nzuri ya kijani, lakini nikakikata na kitufe cha kutuma. Kikawa picha. Hakikuwa kinapeleka habari yoyote, na mlango wa Chande, usipoambiwa chochote, ulitoa kila kitu nje. Nilijua. Nilijiambia nitarekebisha wiki ijayo.

"Iko sawa?" akauliza.

"Iko sawa," nikasema.

Wiki tatu halikutokea neno. Watu wa nyumba nyingine hawakuwa wakituangalia bado, na wetu walikuwa wakitaniana kama kawaida bila kujua wako uwanjani. Sikurekebisha. Simu zilikuwa nyingi kibandani, na kitu kisicholalamikiwa unakisahau, ingawa sikukisahau hasa.

Mwezi wa kumi, mabibo yakianza kuanguka, Mama Somoe alianguka jikoni. Presha ilipanda. Hakufika hospitali. Chande alikaa kwenye mkeka wa msiba uso ukiwa mkavu, hasemi, hali, anatazama miguu ya watu. Alinipa funguo zote za mtandao. "Angalia wewe, mtani. Mimi siwezi kushika simu." Somoe akanivuta pembeni akaniambia, "Fanya kazi yako. Tangu jana huyu hajatoa hata chozi." Nikafanya kazi yangu. Nililala mbele ya jeneza, nikaruka na sufuria ya marehemu kichwani, nikadai nazi alizonificha. Na kwa sababu wengi waliompenda walikuwa mbali, niliandika pia kwenye Mkeka. Ninayakumbuka maneno yangu yote: "Bibi mchoyo amekufa, leo tunakula kuku wake wote. Chande usilie sana. Kamba tuliyompimia kaburi mama yako tumeitunza, zamu yako hatutatafuta nyingine." Watani wa Dar wakaongeza yao, wa Muscat wakaongeza, wengine mabaya kuliko yangu. Nilimpelekea Chande simu kwenye mkeka. Alisoma. Akajifunika shuka kichwani, na chini ya shuka nikamsikia anacheka, halafu analia, kwa mara ya kwanza tangu mama yake aanguke. Somoe alinishika mkono akaubana. Nikaona nimetimiza wajibu wangu kama mwanamume.

Kesho yake malalamiko yakaanza kuingia upande wa wasimamizi. Yalikuwa kumi na saba, yote ya Kiingereza, kutoka nyumba za nje. Mashine zao zilikuwa zimewatafsiria maneno yetu: wameona mtu amefiwa na mama yake, na watu mia wanamtukana marehemu na kumwahidi mtoto kwamba naye atakufa, na kamba wanayo. Nilielewa maneno machache, yakiwemo ya kifo. Nilielewa pia papo hapo kwa nini wameyaona. Kilikuwako kitufe cha kusema lalamiko limeshughulikiwa. Nilikibonyeza mara kumi na saba. Halafu nikakaa na laptopu chumbani, wanawake wakipika dirishani, nikakirekebisha kile kisanduku. Kilichonishinda siku tatu kilihitaji mistari miwili. Chande alikuwa amenifundisha kuandika kila badiliko kwenye daftari letu, tarehe na sababu. Lile sikuliandika.

Siku ya nne Chande alifungua laptopu. Nilikuwa nimekaa kitandani palepale ninapokaa siku zote.

"Wamefunga," akasema.

"Nani?"

"Wakubwa wote. Wale pia." Akasoma barua yao mpaka mwisho. Walikuwa wamemwandikia kwa upole. Walisema wanampa pole kwa kufiwa, kwamba pengine kuna jambo la mila wasilolielewa, lakini vitisho vimekaa siku nne, vimelalamikiwa, na msimamizi ameyafunga malalamiko bila kusoma. Hawawezi kumkabidhi msimbo wa watu wote mtu mwenye nyumba inayoendeshwa hivyo. Chande hakuniuliza kuhusu malalamiko. Nadhani alifikiri sikujua Kiingereza, jambo ambalo ni kweli, na kwamba nilibonyeza kwa bahati mbaya, jambo ambalo si kweli. Kilichomsumbua ni kwa nini maneno yalitoka nje. "Ni mlango wangu," alisema. "Nimeukosea mahali." Akaupitia msimbo wa mlango siku nzima, mstari kwa mstari, na siku ya pili, na ya tatu. Hakuona kosa kwa sababu halikuwemo. Siku ya tatu akageuka. "Kwako uliangalia?"

Nafasi ya kusema ilikuwa ile. Nimeifikiria kwa miaka na sijapata sababu ya kujitetea. Somoe alikuwa amepitisha sahani ya ming'oko dirishani, akisema tule, mama yake asingependa tukae na njaa.

"Kwangu iko sawa," nikasema. Na ilikuwa sawa, wakati huo.

Aliwaandikia wale watu barua ndefu ya kuomba radhi. Alinisomea kwa Kiswahili kabla ya kuigeuza. Alieleza utani ni nini, akaeleza kwamba yule anayeonekana kumtishia ni ndugu yake, na kwamba kosa la mlango ni lake peke yake, alilifanya kwa uzembe, na anaomba wasiwahukumu watu wa Mkeka kwa ajili yake. Walimshukuru kwa maelezo. Kazi wakampa mwingine. Nyumba zile hazikufungua tena, na watu wetu waliposikia kwamba utani wao wa msiba ulisomwa na wageni waliona aibu, wakaanza kuondoka, bila ugomvi, wawili watatu kila siku. Mwezi wa kumi na mbili Chande alikata huduma ya seva na kwenda Dar, kwenye kampuni ya kupokea simu za wateja, akapanga chumba na watu wanne. Tulipigiana simu siku za sikukuu. Kila mara aliniita mtani, na kila mara nilisema nitamwambia mwakani. Mwaka jana figo zilianza kumsumbua, wakamrudisha nyumbani, na nilikwenda kumwona mara nne. Mara zote nne tulizungumza habari za mpira. Sisemi kazi ile ingemponya. Nasema tu kwamba alikufa akiamini kosa langu ni lake.

Siku ya tatu ya msiba huu, baada ya hitma, nilimkuta Somoe uani peke yake, amekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, ungo wa mchele mapajani, anachambua. Nilichuchumaa mbele yake nikamwambia yote, kwa mpangilio huu huu niliouandika hapa. Vidole vyake viliendelea kutafuta mawe.

"Hicho kisanduku," alisema nilipomaliza, "ndicho kile cha kijani?"

"Ndicho."

"Mimi nilikuwa nakitazama kila nikiandika. Nahakikisha kina tiki."

"Ndiyo, dada."

"Na yeye alipokuuliza, ming'oko nilileta mimi."

"Uliileta wewe."

Akatupa jiwe dogo pembeni. "Usimwambie baba mdogo," akasema. "Ataligeuza utani, na mimi sitaki kucheka."

Nikasema sawa. Mchele ulikuwa mwingi na jioni ilikuwa imekaribia, kwa hiyo nilinyoosha mkono nichambue upande mmoja wa ungo. Somoe akauvuta ungo upande wake.